Injini Ndogo ya Petroli: Je, Inaweza Kula Mafuta Mengine?

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa injini mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikuwakilishwa viyasome katika mikutano yao.)

Niliombwa nizungumze juu ya utunzaji wa pampu za maji. Lakini kila ninakokwenda, swali ni moja tu: "Fundi, petroli imetushinda. Hii mashine yetu haiwezi kutiwa mafuta taa? Haiwezi kutiwa dizeli?" Basi leo tulijibu swali hili vizuri, maana makosa hapa yanaweza kuwafanya watu wapoteze mashine waliyoichangia mwaka mzima.

Nitatoa jibu fupi kwanza, halafu nieleze sababu.

Dizeli katika injini ya petroli: hapana, usitie.
Mafuta taa: inawezekana kwa masharti, lakini siku hizi faida yake ni ndogo, mara nyingine ni hasara.
Gesi ya samadi: inawezekana, na kwa kikundi chenye ng'ombe ni jambo la maana.
Mafuta ya mbegu: si ya injini ya petroli kabisa.

INJINI MBILI, TABIA MBILI

Watu wengi hufikiri mafuta ni mafuta, bora yawake. Sivyo. Injini ya petroli na injini ya dizeli ni kama ng'ombe na kuku: wote ni mifugo, lakini huwezi kuwalisha kwa njia moja.

Katika injini ya petroli, kabureta huchanganya hewa na petroli. Mchanganyiko huo huvutwa ndani ya silinda, pistoni inaukandamiza mara 8 hivi, kisha plagi inatoa cheche na moto unawaka.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Inavuta hewa peke yake na kuikandamiza sana, mara 16 hadi 22. Hewa ikibanwa namna hiyo hupata joto kali. Ndipo nozeli inapiga mafuta ndani kwa nguvu, na yanawaka yenyewe.

Sasa tazameni tofauti mbili za mafuta haya.

Ya kwanza ni mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya kiwango cha barafu. Mafuta taa yanahitaji joto la nyuzi 38 hivi au zaidi. Dizeli inahitaji zaidi ya nyuzi 50. Kwa hiyo asubuhi yenye baridi, kabureta ya pampu yako haiwezi kugeuza dizeli kuwa mvuke. Inaingia ndani ikiwa matone, na cheche ya plagi haiwezi kuwasha matone.

Ya pili ni kuwaka kabla ya wakati. Petroli imetengenezwa ivumilie kukandamizwa bila kujiwasha. Dizeli imetengenezwa kinyume chake, ijiwashe upesi. Mafuta taa nayo hayana uvumilivu mwingi. Ukiyatia katika injini ya petroli iliyo moto na yenye mzigo, sehemu ya mafuta inajiwasha ovyo. Utasikia injini ikigonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo. Hizo ni ngumi ambazo pistoni inapigwa. Ikiendelea hivyo, pistoni inaweza hata kutoboka.

Kwa hivyo tabia ile ile ambayo ni sifa kwa injini ya dizeli, kwa injini ya petroli ni ugonjwa.

UKITIA DIZELI, HIVI NDIVYO INAVYOKUWA

Utavuta kamba mpaka bega liume. Plagi inalowa. Kama injini ilikuwa moto tayari, huenda ikaendelea kidogo na moshi mzito. Masizi yanajaa kwenye plagi, valvu na ekzosi.

Lakini ubaya mkubwa hauonekani kwa macho. Dizeli isiyowaka inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Halafu inaingia chini mahali oili inakaa. Ukipima kwa kijiti unaona oili imeongezeka, unafurahi. Usifurahi! Oili haizai. Ikiongezeka yenyewe, ujue ni mafuta yameingia, na oili imekuwa nyepesi kama chai. Ringi na silinda zinakwaruzana chuma kwa chuma, na siku moja injini inashika katikati ya kazi.

Kuna wale wanaochanganya, petroli nusu na dizeli nusu. Kwa muda mashine inaenda, na watu wanasifu ujanja wa fundi. Wakati ringi zimekwisha na mashine haivuti tena, huyo fundi huwa ameenda mji mwingine.

Na kinyume chake pia ni hatari. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya nozeli katika mashine ya posho. Ukikosea mtungi ukatia petroli, pampu hiyo inakosa ulaini na inalika, na ni spea ya bei kubwa. Ukigundua kosa kabla ya kuwasha, usiwashe. Toa mafuta yote kwenye tangi, safisha, ndipo utie dizeli.

MAFUTA TAA: WAZEE HAWAKUSEMA UONGO

Wazee waliofanya kazi katika mashamba makubwa husema, "Zamani trekta zilikuwa zinakula mafuta taa." Ni kweli. Uingereza kulikuwa na mafuta ya trekta yaliyokaribiana sana na mafuta taa, na trekta ndogo ya Ferguson ilikuwa na aina yake ya kutumia mafuta hayo tangu mwaka 1949. Hata Yamaha wametengeneza injini za mashua za mafuta taa kwa ajili ya wavuvi.

Lakini injini hizo ziliundwa kwa kazi hiyo. Tofauti zake ni hizi:

1. Zina njia mbili za mafuta, ya petroli na ya mafuta taa. Injini inawashwa kwa petroli mpaka ipate moto, ndipo mtu anageuza bomba kwenda mafuta taa.

2. Hazikandamizi sana, ili zisigonge.

3. Njia ya kuingizia mafuta hupashwa joto na ekzosi, ili mafuta taa yawe mvuke kabla ya kufika silinda.

4. Kabla ya kuzima, mtu anarudisha petroli kwa dakika chache, ili kabureta iwe na petroli ya kuwashia kesho.

5. Oili inamwagwa mapema kuliko kawaida, maana mafuta taa kidogo huteremka ndani yake kila siku.

Mkisikia fundi anasema anaweza kugeuza pampu yenu itumie mafuta taa, mwulizeni juu ya mambo haya matano. Kama anasema, "Ni kumwaga tu kwenye tangi," mshukuruni na mwende zenu. Na someni kitabu kilichokuja na mashine. Kama hakitaji mafuta taa, hiyo injini haikuundwa kwa mafuta taa. Na zile injini ndogo ambazo oili yake huchanganywa ndani ya petroli, kama msumeno wa miti, msizijaribu hata kidogo.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Mweka hazina, chukua kalamu. Tuchukue mfano wa pampu inayokula lita 1 kwa saa, inafanya kazi saa 4 kwa siku, kwa siku 60 za kiangazi. Hiyo ni lita 240.

Petroli ya kuwashia na ya kuzimia tuseme ni robo lita kwa siku. Kwa siku 60 ni lita 15. Zinabaki lita 225 ambazo zinaweza kuwa mafuta taa.

Tuseme mafuta taa ni shilingi 150 kwa lita na petroli ni shilingi 160. Tofauti ni shilingi 10. Mara 225, mmeokoa shilingi 2,250.

Lakini injini ya petroli ikitumia mafuta taa hupungukiwa na nguvu. Tuseme inapungua sehemu moja tu katika kumi. Ili kutoa maji yale yale, kazi ya saa 240 inakuwa kama saa 267. Saa 27 zaidi ni lita 27 zaidi. Kwa shilingi 150 ni shilingi 4,050. Mmeokoa 2,250, mmetumia 4,050. Hiyo ni hasara hata kabla ya kununua oili na plagi.

Je, kama tofauti ni shilingi 30? Mmeokoa 6,750. Toa zile lita 27 za zaidi, zinabaki 2,700. Sasa toa oili. Kama mlikuwa mnabadilisha kila baada ya saa 50 na sasa ni kila baada ya saa 25, mnaongeza karibu mara 5. Kila mara ni zaidi ya nusu lita, kwa hivyo ni kama lita 3. Angalieni kitakachobaki, na mjiulize kama kinatosha kununua seti ya ringi.

Bei nilizotaja ni za mfano tu. Bei rasmi hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Chukueni zile za mahali penu, mweke kwenye hesabu hii.

Mkumbuke pia kwamba zamani mafuta taa yalikuwa rahisi sana kuliko petroli. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili kuwazuia wafanya biashara waliokuwa wakiyachanganya katika dizeli. Tofauti ya bei ikapungua sana. Kwa hiyo ushauri wa zamani ulifuata bei ya zamani.

HATARI YA MOTO

Hapa naomba mnisikilize sana, hasa akina mama. Kikundi kikiweka petroli na mafuta taa pamoja, siku moja mitungi itabadilishana. Petroli kidogo tu ikiingia katika mafuta taa ya jiko au ya taa, jiko hilo linaweza kulipuka. Tumeona watu wakiungua.

Kwa hivyo: mtungi wa petroli uwe na rangi yake, tuseme nyekundu, na usitiwe kitu kingine milele. Usikae ndani ya nyumba ya kulala wala jikoni. Asiyejua kusoma ajue kwa rangi. Na msitie mafuta injini ikiwa moto, ngojeni ipoe. Mvuke wa petroli hautazamwi kwa macho, lakini unatambaa chini mpaka kwenye moto ulio mbali. Pale Sachangwan, tarehe 31 Januari mwaka 2009, lori la petroli liliwaka watu wakiteka mafuta yaliyomwagika, na zaidi ya watu 100 wakafa. Petroli si kitu cha mchezo.

GESI YA SAMADI

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa kikundi chenye mifugo ya kufungiwa. Injini ya petroli inakubali gesi ya samadi vizuri. Gesi hiyo haigongi, haioshi oili kwenye silinda, na plagi inaiwasha bila shida. Kinachohitajika ni kifaa cha kuchanganya gesi na hewa mbele ya kabureta, pamoja na bomba la kufungulia kidogo kidogo mpaka injini itulie.

Lakini tusidanganyane, hesabu iko hapa pia. Ng'ombe mmoja wa kufungiwa anatoa kama kilo 20 za samadi kwa siku, pengine zaidi akiwa mkubwa. Ng'ombe 4 ni kilo 80, na hizo zinatoa kama mita 3 za ujazo za gesi kwa siku. Mita moja ya ujazo ni kama nusu lita ya petroli. Basi gesi yote ya ng'ombe 4 itaendesha ile pampu yetu kwa saa moja u nusu. Na hapo jikoni hakuna kilichopikwa! Mzee, ukienda na gesi yote shambani, utarudi nyumbani ule nini?

Kwa hiyo jikoni kwanza, injini baadaye. Boma lenye ng'ombe wawili watosheke na kupika. Kikundi, shule au mtu mwenye ng'ombe kumi na zaidi wanaweza kufikiria injini.

Mambo mengine mawili. Gesi hii ina harufu ya mayai yaliyooza. Hiyo ni sumu inayokula chuma. Ipitishwe kwanza katika chombo chenye vipande vyembamba vya chuma chenye kutu, na vipande hivyo vibadilishwe vikichoka. La pili, gesi haibebeki. Usijaribu kuisukuma ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia. Kwa hivyo inafaa mashine iliyo karibu na shimo lenyewe: ya kukata nyasi, ya kuvuta maji ya boma, au jenereta. Pampu iliyo mtoni haiwezi kufikiwa.

MBEGU NA POMBE

Mafuta ya mbegu ni ya injini ya dizeli. Si jambo geni: mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Lakini mafuta ya mbegu ni mazito. Yakitiwa baridi na bila kutengenezwa, yanaziba nozeli na kuacha utomvu mgumu ndani. Na mafuta yanayoweza kuliwa yana bei kuliko dizeli.

Wengi wenu mnakumbuka habari za mbono, ile jatrofa. Miaka ya 2000 watu waliambiwa waing'oe mahindi wapande dhahabu ya kijani. Utafiti uliotolewa hapa Kenya mwaka 2009 ulionyesha kwamba mavuno ya wakulima wadogo yalikuwa haba sana, na ukashauri mbono ipandwe kama ua tu. Na mbegu zake ni sumu, watoto wasizile.

Pombe nayo? Kenya tuliwahi kuwa na petroli iliyochanganywa na spiriti ya Muhoroni, sehemu moja katika kumi, kuanzia mwaka 1983 mpaka 1993. Lakini ile ilikuwa spiriti ya kiwandani, iliyoondolewa maji. Ile ya kijijini ina maji mengi. Haifai injini, na mnajua wenyewe kama inafaa watu.

AKIBA YA KWELI IKO WAPI?

Nimeona vikundi vikipunguza petroli bila kubadilisha mafuta hata kidogo.

1. Safisheni filta ya hewa. Ikijaa vumbi, injini inakula petroli nyingi na kutoa moshi mweusi.

2. Msisahau choki. Ifungueni mara injini inapopata moto.

3. Wekeni pampu karibu na maji. Pampu hizi zinavuta vibaya maji yakiwa chini zaidi ya mita 6 au 7, lakini zinasukuma mbali vizuri.

4. Tafuteni mahali paipu ya kuvutia inaingiza hewa. Tundu dogo kama la sindano linawapotezea nusu ya maji.

5. Msisukume maji mbali kwa paipu nyembamba. Paipu pana inapunguza kazi ya injini.

6. Nyunyizeni asubuhi au jioni, na mfunike udongo kwa majani makavu. Maji yasiyokauka hayahitaji kuvutwa mara ya pili.

7. Mkimaliza msimu, maliza petroli iliyo katika kabureta. Petroli iliyokaa miezi inaacha gundi.

MASWALI KUTOKA KWA WAJUMBE

Mama mmoja aliuliza: "Kisima chetu ni kirefu. Vijana wanataka kuteremsha pampu ndani ili ivute vizuri. Ni sawa?"

Hapana, mama! Kamwe! Moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya kisima inajaa kwa dakika chache. Anayeteremka anaanguka, na anayekwenda kumwokoa anaanguka juu yake. Watu wengi wamekufa hivyo. Kama maji ni marefu, tumieni pampu ya mkono, ya stima au ya jua, lakini injini ibaki juu, mahali penye upepo.

Kijana aliuliza: "Tukinunua mashine mpya, tuchague gani?"

Kama ni kazi ya saa nyingi kila siku, kama kusaga posho, dizeli ni bora, kwa sababu inakula kidogo kwa kazi ile ile na inadumu. Kama ni saa chache kwa msimu, pampu ndogo ya petroli inatosha. Kama stima iko karibu, ulizeni bei ya mota. Na kwa maji ya mboga, ulizeni pia pampu ya jua: kununua ni ghali, lakini jua halipandi bei.

Mzee aliuliza: "Pampu yetu imeshatiwa mafuta taa msimu mzima. Imekufa?"

Pengine bado, mzee. Mwageni oili yote leo, mtie mpya. Safisheni plagi na kabureta, mrudi kwa petroli. Kama ina nguvu na haitoi moshi wa buluu, mmeiwahi. Kama inakula oili, fundi afungue aangalie ringi kabla haijashika.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pampu yetu inakula lita ngapi kwa saa? Nani anaandika?
2. Oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na nani atabadilisha tena?
3. Petroli yetu inawekwa wapi, na mtoto anaweza kuifikia?
4. Katika yale mambo saba ya akiba, ni yapi tunaweza kuanza wiki hii bila kununua kitu?

Ndugu zangu, mtu akiwaletea ujanja wa mafuta, msimkatalie kwa hasira wala msimkubalie kwa furaha. Mwambieni akae na mweka hazina wapige hesabu mbele ya kikundi.